Boti ya mtumba, siku ya kwanza majini

SWALI: Habari za kazi. Nimenunua boti ya mtumba ya faiba, ina injini moja ya kupachika, stroki mbili. Muuzaji aliniwashia palepale nchi kavu ikashika mara moja, nikatoa hela. Wikendi hii nataka kwenda nayo kuvua mimi na jamaa zangu wanne, mbali kidogo kwenye mwamba. Kuna cha kuangalia au niingie tu?

JIBU: Hongera sana ndugu yangu, ila hapo kwenye kuwasha nchi kavu umenishtua. Kama hakuweka ndoo ya maji wala hosi basi ile impela ya mpira ndani ya pampu ya maji, yaani kile kipangaboi kidogo kinachosukuma maji ya kupoza injini, imezunguka kavu, na mpira ukizunguka hivyo unaharibika haraka na kwa nje huoni kitu, unakuja kujua uko majini injini inachemka. Kwa hiyo shusha boti, ifunge kwa kamba, washa, halafu angalia ule uzi wa maji unaotoka nyuma ya injini. Utoke mfululizo kwa nguvu. Ukiona unakatikakatika zima mara moja, badilisha impela.

Kabla ya kushusha, kizibo cha chini kule nyuma kikaze kwa mkono wako mwenyewe, usimuulize mtu "umefunga?" ukaridhika. Ikishaelea iache kama saa nzima, kisha inua mbao za sakafu utazame ngama, yaani maji yaliyokusanyika chini kabisa ya boti, imejaa kiasi gani.

Sasa mafuta, hapa ndipo nilipoumia mwenyewe. Boti yangu ya kwanza ya mtumba ilinguruma vizuri tu pale ufukweni, tumetoka, mawimbi yakaanza kuturusharusha, kama dakika ishirini hivi injini ikakohoa ikazima, nikavuta kamba mpaka viganja vikachubuka, ikabidi tupige makasia hadi jioni. Kumbe tangi lilikuwa na maji na uchafu uliotulia chini miaka yote, boti ikiwa imetulia hausumbui, ukianza kutikiswa unapanda wote na kuziba kichujio. Kwa hiyo mwaga petroli aliyokuachia muuzaji, safisha tangi, weka kichujio kipya na mafuta mapya. Oili changanya kama kitabu cha injini hiyo kinavyosema, nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, lakini za zamani zipo zinazotaka zaidi.

Na hao jamaa wanne, nakuomba kabisa, wasubiri. Nenda na mtu mmoja anayejua kuogelea, bila nyavu, mzunguke karibu na ufukwe asubuhi bahari ikiwa shwari, uone inavyokata kona na inavyokaa mkipunguza mwendo ghafla. Majaketi ya kuokolea muyavae, sio kuyalalia. Kamba ya kuzimia injini ifunge mwilini, maana ukirushwa nje boti ikabaki inazunguka, propela ndiyo itakayokukuta. Chukua makasia, nanga yenye kamba ndefu, upo, yaani chombo cha kuchotea maji yaliyoingia botini, na mwachie mtu wa nchi kavu saa mnayorudi. Mafuta theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiguswe.

Mkirudi fungua kile kichujio uangalie. Ukikuta matone ya maji au vumbi la kutu basi tangi bado, lioshe tena, mwambani msiende kwanza.