Kabla Hujanunua Laptop ya Utafiti, Tazama Programu za Fani Yako

Mwanafunzi wa uzamivu akiuliza anunue kompyuta gani, mrudishie swali: msimamizi wako na wenzako wa maabara wanatumia programu zipi? Hapo ndipo uamuzi ulipo, si kwenye nembo.

Wanafizikia na wachambuzi wa jenomu wameegemea Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows) kwa sababu ya msingi kabisa: kazi nzito hawazimalizii mezani, wanazipeleka kwenye kompyuta kubwa. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 za TOP500, orodha ya kompyuta zenye nguvu zaidi duniani, zinaendeshwa na Linux. Amri ulizozizoea nyumbani ndizo utakazozikuta kule. Mac imependwa vyuoni kwa sababu inayokaribiana na hiyo, kwani Mac OS X ya 2001 ilijengwa juu ya Unix, mfumo wa zamani ambao Linux iliuiga, hivyo amri nyingi zinafanana, na Word unayo humohumo kwa jarida linalodai .docx. Ila RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya MacBook za sasa haiongezeki ukishanunua. Ningeanzia GB 16.

Anayetegemea ArcGIS Pro, programu ya ramani, abaki Windows, maana haina toleo la Mac wala Linux. QGIS, nayo ya ramani, inakubali kote kutatu.

Kama tayari una Windows 10 ya karibuni au 11, usiifute. Fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kwa haki za msimamizi, andika wsl --install, kisha zima kompyuta na kuiwasha tena. Utapata Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ndani ya Windows. Ikilalamika kuhusu virtualization (uwezo wa kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine), ingia BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, uiwashe. Data zako ziweke ndani ya /home (upande wa Linux), usiziache /mnt/c (diski ya Windows): kila faili linalovuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine linachelewa, na ukiwa na maelfu ya faili ndogondogo utasubiri sana.

Makosa mawili huwasumbua watu mno. Skripti iliyoandikwa Windows inagoma kwenye seva (ile kompyuta kubwa ya Linux) na kuonyesha ^M, kwa sababu Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja. Endesha dos2unix skripti.sh, itapona. La pili ni majina. Kwa Linux, Data.csv na data.csv ni faili mbili tofauti. Mac na Windows kwa kawaida huyachukulia kuwa jina moja, kwa hiyo kosa linajificha mpaka ufike kwenye seva. Andika majina yote kwa herufi ndogo, bila kuacha nafasi.