Kinyago cha Kakuungu ni mkopo

Hapana yaya, si kweli kwamba Wabelgiji walikirudisha Kakuungu, kile kinyago kikubwa cha kabila la Wasuku hapa Kongo ambacho mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa Juni 2022. Ni mkopo usio na kikomo: kinakaa kwetu, umiliki umebaki Ubelgiji. Vitu vya Tervuren, yale makumbusho ya Afrika kule Ubelgiji, ni mali ya serikali yao, na sheria inayoruhusu vitoke ni ya Julai 2022, baada ya ile safari.

Wala si kweli kwamba makumbusho ya taifa yamejaa vitu vya Wabelgiji. Jengo la Kinshasa lililofunguliwa 2019 ni pesa ya Korea Kusini, na sehemu kubwa ya vitu ilikusanywa na watu wa IMNC, taasisi ya makumbusho ya taifa ya Kongo, waliozunguka vijijini miaka ya 1970. Hata hapa Lubumbashi, ile misalaba ya shaba tunayoonyesha wageni ni ya hukuhuku Katanga.

Tervuren ilirudisha kweli vitu 114, kati ya 1976 na 1982. Ila baadhi viliibwa miaka ya vurugu vikauzwa nje, na hilo ndilo Wabelgiji wanapenda kututajia kila tukidai vitu vyetu.