Mhadhara wako wa uprofesa: anza na mama

Hongera, Profesa. Umeuliza utatoaje mhadhara wako wa kwanza wa uprofesa pale Chuo Kikuu cha Maseno, kuhusu gugumaji, mmea unaoelea na kutanda Ziwa Victoria, ilhali mama na majirani kutoka Luanda, mji ulio karibu na Maseno, watakaa ukumbini na wataalamu. Anza na mama. Huo si mtihani wala kipindi cha darasani. Ni siku ya kuuambia umma umetafuta nini miaka yote hiyo. Mimi nilianza na majedwali, nikamwona baba akiinamisha kichwa. Bado inaniuma. Wewe anza na mtumbwi uliokwama kwenye gugumaji ufuoni Dunga, Kisumu, takwimu zifuate. Fanya mazoezi ukijipima muda, mbele ya mtu asiye wa fani yako. Kuhusu joho na msafara wa kuingia ukumbini, muulize msajili wa chuo mapema. Picha za wavuvi usizionyeshe bila idhini yao.