Kulea si kuomba

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma. Umeniuliza kama ni dhambi kumweka Laddu Gopal, sanamu ya mungu wetu Krishna akiwa mtoto, kwenye fleti yako huko Leicester kisha umwache peke yake kutwa, maana zamu za hospitali hazikupi nafasi. Dhambi waulize wanaoijua. Mimi nilipoolewa nyumba hii Ba, mama mkwe wangu, alinifundisha neno moja, nawe umelisikia hata likakuchosha: kulea si kuomba. Mungu wa kuombwa unaweza kumwendea Jumatatu moja una shida, ukatoa nazi, ukaenda zako. Krishna mtoto hana habari na shida zako. Anataka maziwa.

Unamkumbuka Ba jikoni. Haionjwi sufuria mpaka Thakorji, yaani Krishna wa nyumbani, ale kwanza, kwa hiyo chumvi aliikisia kwa macho, na siku ilipozidi tulikula sote kimya. Kitunguu marufuku, saumu marufuku. Jani la tulsi, mrehani mtakatifu, juu ya chakula, pazia linashushwa mtoto ale kwa raha, ndipo zamu yetu. Na yule Gopal wake wa shaba anayetambaa, donge la siagi mkononi, pua imelika kwa kuogeshwa na kufutwa kila asubuhi. Najua ni shaba, baba yako hana haja ya kunikumbusha. Nimemsugua kwa ndimu mwenyewe. Lakini mwogeshe kwa maji ya vuguvugu miaka kadhaa, halafu uone kama utaweza kumwacha kwenye beseni ukapokee simu.

Nikikumbuka hayo naikumbuka Nathdwara, mji wa hekalu la Krishna kule India, na nikiikumbuka Nathdwara namkasirikia baba yako upya.

Ulikuwa mdogo, ukatapika njia nzima kutoka Udaipur. Ba aliingoja safari ile tangu ujana wake hapa Mombasa. Garini alitusimulia, kana kwamba hatujui, jinsi Shrinathji, sanamu ya Krishna wa hekalu hilo, alivyoondolewa mlima Govardhan kwa kumhofia mfalme Aurangzeb, mvunja mahekalu, akasafirishwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, na magurudumu yalipozama topeni huko Mewar wakasema basi, mtoto kapapenda hapa. Mwaka 1672 akakaa, mpaka leo. Ni jiwe jeusi, Krishna wa miaka saba, mkono wa kushoto juu akiinua mlima. Hata hekalu halina mnara, limejengwa kama nyumba ya tajiri, kwa sababu mtoto anaishi nyumbani kwao. Kipupwe huwekewa jiko la makaa, joto likija hupakwa liwa. Mara nane kwa siku watu hufunguliwa wamwone: kaamka, kavikwa, anakwenda na ng'ombe, anakula, na kadhalika hadi usiku.

Tulifika wakati wa chakula cha mchana. Wanawake upande wao, msongamano usiosemeka, na Ba unajua kimo chake. Aliona migongo. Mimi nilichungulia juu ya mabega nikaona kilemba cha njano na nusu ya uso, kisha pazia likafungwa. Analala mpaka alasiri, ndipo hupulizwa kombe la baharini kumwamsha. Nikasema tungoje. Baba yako akasema gari limelipiwa na treni ya Ahmedabad haimngoji mtu. Mama yake mwenyewe! Nilimnunia hadi Ahmedabad na kupita.

Ba hakununa. Alisema, "Mtoto kalala, mwataka aamshwe kwa ajili ya wageni?" Akanunua picha dukani, ile iliyo karibu na friji. Ndivyo anavyosema mtu aliyeelewa kulea. Au ndivyo anavyosema mama asiyetaka mwanawe agombane na mkewe, sijui. Maana usiku ule kwenye treni aliniuliza Shrinathji alikuwa kavaa nini. Nikamwambia njano. Baadaye akauliza tena, njano ipi, ya manjano au ya embe?

Hakurudi tena India.

Sasa wewe. Sitakuambia mchukue wala usimchukue, una akili zako. Ila zamu za usiku si mchezo, na huyo si pambo la rafu. Ukisafiri itabidi umkabidhi kwa nyumba nyingine ya Wavaishnava, waumini wenzetu, au umbebe ndani ya kikapu chake kama Ba alivyofanya, mwajua alivyowasumbua watu wa uwanja wa ndege. Kwa upande mwingine, nani alikuwa na nafasi alipozaa? Mimi nilikuwa nayo? Nikibanwa sana nitasema anza na picha. Picha huwashiwa taa, huwekewa tunda, haiogeshwi, na ukichelewa kurudi haitakukosesha usingizi. Kulea si kuomba, na nesi analea kutwa.

Lakini najua hutanisikiliza. Kwa hiyo niambie huyo uliyemwona dukani ni saizi namba ngapi, mbili au tatu? Kama hawajui, mpime kutoka alipokaa hadi utosini, bila taji. Nimepata sufu ya buluu ya kumfumia nguo, na huko Novemba ni baridi.

Mama