Mtoto wa chuma aliyetugawa uani: nawajibu wasomaji

Jumamosi mbili zilizopita tuliitazama filamu ya A.I. Artificial Intelligence uani kwa jirani yangu, hapa Nkuhungu. Shuka jeupe ukutani, mawe yamelikandamiza chini upepo usilipeperushe, projekta ya kuazima, na watu kama ishirini wa kila rika. Niliandika hapa kwamba ilipokwisha nusu walikuwa wanafuta machozi na nusu wanalalamika kuwa wamepotezewa usiku wao. Tangu siku hiyo ujumbe unaingia tu.

Kwa ambaye hajaiona: mtoto wa Monica na Henry yu mahututi, amegandishwa akisubiri tiba. Baba analeta nyumbani David, roboti mwenye sura ya mtoto, aliyeundwa ili apende. Mama anamsomea maneno saba yasiyohusiana, kisha majina yao wawili, na hapo mapenzi yanawaka. Yakishawaka hayazimiki. Halafu Martin, mtoto wa kuzaa, anapona na kurudi. Mama anamwacha David msituni, naye anazunguka dunia akimtafuta yule kiumbe wa buluu wa kwenye hadithi ya Pinocchio, kikaragosi wa mti aliyegeuzwa mtoto, ili naye amgeuze mtoto wa kweli, ili mama ampende.

*Dada, mimi na mume wangu tulikuwepo. Yeye alitoka analia, mimi nilitoka na hasira. Tatizo ni letu au la filamu? (Kizota)*

Si lenu. Ilipotoka Marekani mwezi Juni 2001 ilikuwa hivyo hivyo: wengine waliiona kazi kubwa, wengine walitoka ukumbini wamenuna. Fedha ilizopata nje ya Marekani zilikuwa karibu mara mbili ya zile za nyumbani kwao, kwa hiyo hata mipaka iliigawa.

Ila mimi niliuona mgawanyiko wetu ukianza, na nakumbuka ni wapi. Ni pale kwenye bwawa la kuogelea. Watoto wanamchokoza David kwa kisu, anaogopa, anamng'ang'ania Martin, wanatumbukia wote wawili. Watu wazima wanaruka majini, wanamtoa Martin. David anabaki chini kabisa, mikono imenyooka, anatazama juu. Mtoto wa jirani, wa miaka tisa hivi, akasimama juu ya kiti: "Na yule mwingine mbona hawamtoi?" Hakuna aliyemjibu. Kuanzia pale kuna waliokuwa wanatazama wakiwa chini ya maji na David, na kuna waliokuwa ukingoni na Martin aliyekaribia kufa. Wewe una mtoto mchanga mgongoni, ungekuwa wapi kama si ukingoni? Hasira yako naielewa kabisa.

*Yule mama alikuwa na roho mbaya. Mtu anamwachaje mtoto porini? Niliwaambia wazime. (Bibi wa Ipagala)*

Shikamoo bibi. Nilikusikia uliposema "zimeni", na nilitamani wazime.

Sidhani kama ni roho mbaya. Alikuwa amepewa njia mbili: kumrudisha kiwandani akaharibiwe, au kumwacha msituni na yule dubu wake wa kuchezea, Teddy. Alishindwa kumpeleka akafe. Lakini kosa lenyewe mimi silioni msituni. Liko nyuma, sebuleni, siku aliyoketi akayasoma yale maneno saba huku akijua hayarudi. Mtoto hakuomba kuwashwa. Ukishamfundisha mtu kukuita mama una deni kwake, na deni hilo halifutiki kwa sababu mtoto wa kuzaa amerudi. Na Henry je? Yeye ndiye aliyemleta nyumbani ili mkewe atulie, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutaka aondolewe. Uani kwetu hakuna aliyemtaja hata mara moja. Lawama zote tulimtwika mama, kama kawaida yetu.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Nilipokuwa na miaka minne nilipelekwa Manyoni kwa mama mdogo, ambaye alikuwa hajajaliwa mtoto. Nikamwita mama, naye akaitika. Nilipofika miaka minane akapata mapacha, na muhula ulipokwisha nikapandishwa treni kurudi Dodoma, nguo zangu kwenye mfuko wa rambo, karanga za kuchemsha mkononi. "Utakuja likizo," akaniambia dirishani. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyeninyima chakula. Nyumba ilikuwa ndogo na mikono yake ilikuwa miwili, basi. Miaka mingi baadaye nilimtembelea, nikaingia jikoni bila kuulizwa, nikamtengenezea chai ya rangi isiyo na sukari, tangawizi nyingi, kama anavyoipenda. Alilia kabla hajainywa.

Kwa hiyo David alipompelekea mama yake kahawa mwishoni, akamwambia hajasahau anavyoipenda, bibi, mimi sikuwa natazama roboti tena.

*Wale viumbe wembamba wa mwisho ni watu wa sayari nyingine? Tumebishana sana kijiweni. (Bahi)*

Hapana. Ni roboti wa baadaye, miaka 2,000 mbele, wakati binadamu wameshatoweka na dunia imeganda. Ndiyo maana wanamthamini David: ni masalia ya waliokutana na binadamu uso kwa uso.

*Niliiangalia kwenye banda la video, imetafsiriwa. Mtafsiri alisema mwishoni David anakuwa mtu na mama anafufuka wanaishi raha mustarehe. Wewe umeandika tofauti. (Kongwa)*

Nawaheshimu sana watafsiri wetu, wametufungulia filamu ambazo bila wao tungetazama picha tu. Lakini hapo umedanganywa. David hageuzwi mtu. Mama anarudishwa kutokana na nywele zake ambazo Teddy alizitunza, na anarudi kwa siku moja tu; akilala haamki tena. Wanacheza kibemasa, wanasherehekea siku ya kuzaliwa ambayo David hakuwahi kuwa nayo, mama anamwambia anampenda. Kisha usiku unaingia. Wanaouita mwisho huo mtamu wanaona shuka na kitanda, hawaoni kwamba mwanamke mle kitandani hataamka, na kwamba mtoto amesubiri miaka elfu mbili apate saa chache. Mimi nauona ndio mwisho pekee uliofaa, na unaniumiza kuliko msitu.

*Nasikia filamu iliharibiwa kwa kubadilishana waongozaji, mmoja mkali akafa, wa pili akaitia sukari. Kweli? (Mwanafunzi, Ng'ong'ona)*

Nusu kweli. Chanzo ni hadithi fupi ya Brian Aldiss ya mwaka 1969. Mwongozaji Stanley Kubrick alinunua haki ya kuifanya filamu mwanzoni mwa miaka ya 1980, akakaa nayo miaka na miaka akiamini ufundi wa picha bado haujafikia kumtengeneza mtoto wa aina ile. Alifariki Machi 1999, na Steven Spielberg, rafiki yake, akaichukua na kuandika mwenyewe mswada wa kupigia picha. Watu wakagawa upesi: kilicho baridi ni cha Kubrick, kinacholiza ni cha Spielberg. Spielberg amesema ni kinyume, kwamba zile sehemu zinazoitwa tamu, pamoja na ule mwisho, zilikuwamo tayari katika michoro na maandishi ya Kubrick. Kwa hiyo ukiuchukia mwisho, uchukie, lakini lawama mpelekee mwenyewe, Kubrick.

*Mwanangu, nimelia nikaona aibu. Mzee mzima, mzee wa kanisa, nalilia bati. Hilo si kosa? (Mpwapwa)*

Mzee wangu, shikamoo. Si kosa na si aibu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta huko Marekani, alionyesha programu iitwayo ELIZA. Haikuwa na lolote ndani zaidi ya kuyageuza maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza miezi kadhaa na aliyejua ni mashine, baada ya kubadilishana nayo maneno machache alimwomba Weizenbaum atoke chumbani awaache wawili. Binadamu tumeumbwa hivyo, tukiitikiwa tunafungua moyo. Wewe tangu utotoni umewaonea huruma wanyama wa kwenye hadithi za jioni, na hakuna aliyekuambia unamlilia sungura asiyekuwepo. Kinachonitia hofu si machozi yako. Ni wale watakaouza vitu vya kuitikia watoto wetu, wakijua watapendwa, bila kujiuliza siku vikiharibika mtoto atabaki na nini.

*Kuna kitu machoni mwa yule mtoto kinanikosesha raha, sijui ni nini. (Kondoa)*

Hapepesi. Haley Joel Osment, aliyekuwa na miaka 12 wakati wa kupiga picha, alijizuia kupepesa macho mbele ya kamera. Itazame tena ukiwa na hilo akilini.

*Naweza kuwaonyesha wanangu wa miaka saba na kumi? (Area C)*

Wa saba, mwache kwanza. Marekani waliipa daraja la kuwataka wazazi wa walio chini ya miaka 13 wawe waangalifu, na hawakukosea: kuna uwanja ambapo roboti wanachanwa na kumwagiwa tindikali watu wakishangilia, na kuna mji wa starehe ambao hutapenda kuueleza. Wa kumi anaweza, ukiwa naye. Anzeni saa kumi na mbili jioni, maana ina saa mbili na dakika 26. Mkifika pale gari linapoingia msituni, msogeze karibu.