Hakulazwa, Aliwekwa

SWALI: Ninatafsiri makala inayohusu Willowbrook State School, makao ya serikali ya jimbo la New York yaliyofungwa mwaka 1987. Je, niandike "shule" kama jina linavyosema, au "hospitali ya wagonjwa wa akili" kama anavyotaka mhariri wangu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Andika "Shule ya Jimbo ya Willowbrook", kwa kuwa jina rasmi hubaki jina hata linapodanganya, kisha ueleze mara moja kwamba yalikuwa makao ya watoto na watu wazima wenye ulemavu wa akili, huko Staten Island. Neno "shule" tulilipata kwa Wajerumani, na Zanzibar wana "skuli" yao. Hapo hapana ugomvi.

Ugomvi wangu ni na mhariri wako. Mgonjwa ni mtu anayeumwa, na ugonjwa wa akili ni maradhi yanayoweza kumpata yeyote, akatibiwa, akapata nafuu. Ulemavu wa akili si maradhi. Lugha yenyewe inatufundisha: mgonjwa "anaumwa", lakini mwenye ulemavu "amelemaa", kwa sababu kitenzi hicho hutaja hali iliyokwisha kuwa. Mtoto anayechelewa kusema na kujifunza aweza kuwa na mwili wenye afya kuliko wa jirani yake.

Katika habari za Willowbrook kosa hili halivumiliki hata kidogo. Kuanzia mwaka 1956, daktari Saul Krugman na wenzake waliwaambukiza baadhi ya watoto wa humo virusi vya homa ya ini kwa makusudi, ili wauchunguze ugonjwa huo, wakijitetea kwamba katika makao yale wangeambukizwa tu. Sasa niambie: ukiwa umewaita watoto wote "wagonjwa" tangu aya ya kwanza, utatumia neno gani utakapofika kwa mtoto aliyeingia na ini zima, akatiwa ugonjwa na mkono wa daktari? Utakuwa umekwisha kulitumia neno pasipostahili, na uovu wenyewe utaonekana kama matibabu.

Kwa sababu hiyohiyo, futa "alilazwa". Hulazwa mtu anayetarajiwa kurudi nyumbani. Wengi wa Willowbrook walikaa humo miaka na miaka. "Alitunzwa" ndilo baya zaidi. Majengo yaliyokusudiwa watu 4,000 yalikuwa na zaidi ya 6,000 mwaka 1965, na mwaka 1972 mwandishi wa televisheni Geraldo Rivera aliwaonyesha Wamarekani watoto walio uchi sakafuni, katika uchafu wao. Andika "aliwekwa". Neno hilo halimsingizii mtu wema ambao hakuutenda.

"Mlemavu wa akili" nitalistahimili katika kichwa cha habari chenye nafasi finyu, ingawa "mtu mwenye ulemavu wa akili" humtanguliza mtu, nami nalipenda zaidi. "Taahira" na "punguani" yabaki ndani ya alama za kunukuu, unaponukuu nyaraka za zamani, si kwingineko.

Tena, utakapofika kwenye makubaliano ya mahakamani ya mwaka 1975, yaliyoibana serikali ya jimbo iwapeleke watu hao kwenye nyumba ndogo mitaani, mhariri wako atataka uandike "waliruhusiwa". Mkatalie. Hilo ni neno la wodini. Andika "walihama".