Mdogo wako hakuwa anaigiza, dada: amerudi pale pale mwaloni

Dada, uzi wako nimeusoma mara mbili. Unasema mdogo wako alikaa miezi mitano Kwimba kwa bibi yenu bila kugusa pombe, akanawiri, akaanza na kanisa, halafu jioni ya kwanza tu aliporudi Igombe, kwenye mwalo wa wavuvi anakovua dagaa, akalewa hadi kubebwa. Nyumbani wanamwita mtu asiye na haya, na wewe unauliza kama muda wote ule alikuwa anaigiza. Hapana. Mwalo huo ninaujua, na mke wangu aliwahi kuniuliza swali hilo hilo nikakosa la kumjibu.

Nilivua dagaa miaka tisa. Anayeijua kazi hiyo anajua ratiba yake: giza tunaingia ziwani na karabai, mbalamwezi ikitoka dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mnakaa nchi kavu na mgawo mfukoni. Siku hizo ndizo za gongo. Mwaka wa kwanza kikombe kimoja kilinilaza. Baada ya miaka mitatu vikombe vinne havikunilaza, watu wakasema mwili umezoea. Lakini ule uchangamfu wa dakika za mwanzo haukuzoeleka hata kidogo, ulizidi mwaka hadi mwaka. Ilifika mahali nachangamka kabla kizibo hakijafunguliwa.

Mwaka 2016 niliacha, nikaenda Magu kwa mjomba kulima mpunga. Miezi saba, safi. Nikarudi Igombe siku moja kudai pesa ya nyavu. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, kijana kachuchumaa anapampu karabai, mafuta ya taa yananukia, upepo unaleta harufu ya dagaa walioanikwa mchangani. Hakuna aliyenikaribisha chochote. Mate yakajaa mdomoni, viganja vikalowa jasho, nikamsahau hata niliyemfuata. Pesa nilipewa, na alfajiri sikuwa na hata ya nauli.

Aliyenifumbua macho ni daktari wa magonjwa ya akili hapa mjini. Ubongo hujitengenezea kemikali za jamii ya mofini, zinaitwa endofini. Pombe ikiingia zinamwagika, zinashika vipokezi viitwavyo myu, yaani sehemu za seli zinazozipokea, na dopamini, kemikali ya hamu, inapanda. Mwaka 2012 watafiti wa California walipiga picha ubongo wa watu waliokunywa, wakaliona jambo hilo kwa binadamu. Na panya waliozalishwa bila vipokezi vya myu hawajishughulishi kutafuta pombe.

Kilichoniingia zaidi ni panya wengine. Panya anafundishwa kubonyeza kijiti apate pombe. Anahamishiwa kizimba kingine chenye harufu nyingine, anabonyeza hapati kitu, anaacha. Mrudishe kile cha kwanza: anaanza upya kubonyeza, na pombe yenyewe haipo. Akipewa dawa ya kuziba vile vipokezi vya myu, kubonyeza kunapungua. Daktari alipofika hapo mimi niliiona ile karabai.

Upande wa pili mdogo wako pia anaujua. Ukinywa mfululizo, kemikali nyingine, dainofini, inaongezeka, nayo huleta uzito wa moyo pombe inapoisha. Ndiyo maana asubuhi mtu anazimua. Hatafuti raha tena, anatafuta kuwa kama wenzake.

Dawa ya kuziba vipokezi inaitwa naltreksoni. Marekani iliidhinishwa mwaka 1984 kwa watumiaji wa heroini na 1994 kwa walevi. Kawaida ni miligramu 50 kwa siku. Hupunguza hamu na ule utamu, haimlevyi mtu wala haimzuii kulewa. Mimi sikuitumia, kwa hiyo siwezi kukuapia. Mwulize daktari, na aangalie ini kwanza. Kama kijana anatumia tramado, ile dawa ya maumivu, au dawa yoyote ya jamii ya mofini, asiiguse: itamtia arosto kali papo hapo.

Jingine, tafadhali sana. Kama sasa anakunywa kila siku, msimfungie ndani mkidhani mnamsaidia. Mwenzetu mmoja aliacha ghafla, siku ya pili akadondoka degedege ndani ya mtumbwi, tukiwa mbali na nchi kavu, tunamshika kichwa asijipige kwenye mbao. Jasho jingi, kutetemeka, kuona visivyokuwepo: hospitali usiku huo huo.

Kilichonisaidia mimi, tangu 2018, ni kutokuwepo mwaloni siku za mbalamwezi. Uvuvi sikuuacha mara moja, nilikuwa na watoto. Giza nikawa navua, mwezi ukianza kung'aa napanda gari kwenda Magu, na mgawo wangu anaupokea mke wangu moja kwa moja kwa tajiri wa mtumbwi. Umesema unaishi Buswelu. Chumba cha siku hizo kipo kwako? Na tajiri wake anaweza kukubali kukukabidhi wewe mgawo? Kama anakataa niandikie inbox, wengi wa pale nafahamiana nao, nitaenda kuongea naye mimi mwenyewe, mchana.